Picha na video katika harusi moja: namna ya kusimulia kwa kamera mbili

Harusi nyingi za Dar es Salaam siku hizi zina mpiga picha na mpiga video, na mara nyingi wawili hao hukutana kwa mara ya kwanza mlangoni mwa saluni. Kila mmoja kaletwa na mjumbe wake wa kamati, kila mmoja ana taa yake, na wote wawili wanataka kusimama palepale mbele ya keki. Matokeo unayajua: albamu nzuri isiyofanana hata rangi na filamu, na filamu ya saa tatu ambamo mgongo wa mpiga picha unaonekana kuliko uso wa bibi harusi.

Kinachofuata ni utaratibu wa kuzifanya kazi hizo mbili ziwe simulizi moja. Nimewafikiria zaidi watu wawili au watatu wanaofanya kazi pamoja. Ukiwa peke yako na kamera moja inayofanya yote, hatua ni zilezile, ila utalazimika kuacha vitu vingi zaidi, na ni heri uchague mapema cha kuacha kuliko kiachwe na haraka za ukumbini.

Hatua ya 1: Amua nini ni picha, nini ni video

Usitake kila tukio liwe na pande zote mbili. Chukua ratiba, pitia tukio mojamoja, ujiulize: sauti ikizimwa, hapa panabaki nini? Baba wa binti anapotoa nasaha kwenye send-off, ukizima sauti unabaki na mzee aliyeshika maiki. Hiyo ni video. Matarumbeta juu ya pick-up mbele ya msafara, vigelegele vya kina mama mlangoni, wajomba wanaokuja mbele kwa kucheza kutoa zawadi: video. Lakini hina iliyokwisha kukauka mkononi, bibi mzaa mama kwenye kiti chake cha mbele, pete, ukoo mzima umejipanga kwenye ngazi, hapo mwendo hauongezi kitu. Mtu anataka kutazama kwa muda anaoutaka yeye, amtafute shangazi wa Mwanza aliyesimama safu ya nyuma, si kwa sekunde nne ulizompangia wewe. Hiyo ni picha.

Kwenye Kenyatta Road, Mji Mkongwe Zanzibar, kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukipita huko utazame zile picha za zamani za watu waliosimama wima wakaikabili lenzi. Anayedhani picha ya kujipanga imepitwa na wakati kwa sababu ya video, azitazame nyuso zile kwanza.

Yapo matukio machache yanayodai vyote viwili: kuvishana pete, maharusi kuingia ukumbini, kulishana keki. Kwa hayo mkubaliane nani anaongoza na nani anafuata. Mimi husema kanisani video iongoze, kwa sababu kiapo hakirudiwi. Kwenye keki picha iongoze, maana MC yuko radhi kabisa kuwaambia maharusi wasubiri kidogo na kijiko mkononi.

Jambo jingine la kuamua mapema ni simulizi inaanzia siku gani. Harusi ya kwetu si siku moja. Kuna kitchen party, kuna send-off, kuna harusi yenyewe, na huko nyuma kuna posa na mahari. Mteja mwenye bajeti ndogo hulipia siku ya harusi peke yake, lakini siku yenye maneno mazito ni send-off, binti anapoagwa kwao. Ikiwa hawezi kulipia siku zote, mshauri alipie mtu mmoja aje send-off na rekoda na kamera moja kwa saa mbili. Sauti ya baba siku hiyo itabeba filamu nzima.

Hatua ya 2: Zungumza na MC, na shangazi

Mwenyekiti wa kamati atakupa ratiba iliyochapwa. Ichukue, umshukuru, kisha mpigie MC, kwa sababu ndiye anayejua ratiba ya kweli. Muulize maharusi wataingilia mlango gani, keki iko upande gani, ndafu italetwa kabla au baada ya chakula, na zawadi zitatolewa na makundi mangapi. Muombe jambo moja tu: kabla ya kuita tukio kubwa, akuangalie usoni. MC mzuri hahitaji kuelezwa mara mbili.

Shangazi, au mama mdogo, ndiye anayejua watu. Msalimie ipasavyo, kaa naye dakika chache, umuombe: “Shangazi, naomba unitajie wale ambao wasipoonekana kutakuwa na maneno.” Andika majina na mahali watakapokaa. Orodha hiyo ni ya mpiga picha. Mpiga video anahitaji orodha nyingine, fupi: nani atazungumza, na ni nani hulia.

Hatua ya 3: Mwambao, pale ndoa inapofungwa sehemu mbili kwa wakati mmoja

Jambo hili nimelitengea nafasi yake kwa sababu ndipo picha na video zinapohitajiana kweli. Katika nikaha ya Waislamu wa Zanzibar, Tanga au Mombasa, mara nyingi ndoa hufungwa na wanaume msikitini. Walii wa binti ameshikana mkono na bwana harusi, sheikh anaongoza, mashahidi wanasikiliza, na bwana harusi anaitikia kwamba amekubali. Wakati huohuo bibi harusi yuko nyumbani kati ya wanawake, kapambwa, anasubiri. Hamwoni mumewe mpaka bwana harusi afike na kuingizwa ndani kumpa mkono.

Hakuna mtu mmoja anayeweza kuwa sehemu zote mbili. Basi tuma mwanamume mwenye video na rekoda msikitini, na mwanamke mwenye kamera ya picha nyumbani. Baadaye, kwenye kuhariri, weka sauti ya sheikh na ya bwana harusi chini ya picha tuli za bibi harusi anayesubiri: vidole, ukaya, mama yake akimrekebisha ua. Sauti inasonga mbele, yeye katulia. Ukiweka video pande zote mbili, macho hayajui yashike wapi.

Ila lazima uweke sharti wazi kabla ya kupokea malipo ya awali. Kwenye shughuli za wanawake kamera ni ya mwanamke, na familia nyingi huacha simu mlangoni. Uliza na jambo ambalo wengi husahau: nani atakayehariri? Ikiwa picha hizo hazipaswi kuonwa na wanaume, basi hata anayezipanga kwenye kompyuta awe mwanamke, na nakala zisipitie kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na kila mtu. Kwa harusi yoyote, ya dini yoyote, kuwe na kifungu kwenye mkataba kinachosema kipi kinaruhusiwa kwenda Instagram na kipi hakiruhusiwi. Si adabu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019.

Hatua ya 4: Linganisha kamera

Saa kwanza. Weka kamera zote na rekoda mezani, ulinganishe saa na tarehe mpaka kwenye dakika, na ikiwezekana sekunde. Ni kazi ya muda mfupi usiku wa kuamkia harusi, na bila hiyo huwezi kujua picha ipi ilipigwa wakati neno gani linasemwa. Kamera ikiwa bado na saa ya Tokyo, utaipanga keki kabla ya kiapo.

Kisha mwanga. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo video ipigwe fremu 25 kwa sekunde na shuta, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde. Ukitaka mwendo wa polepole, fremu 50 na shuta 1/100. Kamera nyingi zinazoagizwa kutoka Marekani au Japani huja zimepangwa fremu 30 na shuta 1/60, na chini ya taa za ukumbi utaona picha inapepesa au mistari inapanda. Mpiga picha naye aanze na 1/100 akiwa chini ya taa za ukumbi, apandishe pale tu anapotumia fleshi au anapokamata mtu anayeruka.

Rangi ya mwanga msiiachie kamera ijichagulie. Kubalianeni namba ya Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) kwa kila mahali: nje mchana karibu 5600, ukumbi wa taa za manjano karibu 3200. Muhimu ni kamera zote ziwe na namba ileile, hata kama si kamili. Kosa la aina moja hurekebishika kwa mkupuo mmoja, makosa ya aina mbili hukula usiku. Mpiga picha apige RAW, yaani faili ghafi ya kamera, bila mjadala.

Anayefanya yote kwa kamera moja atumie zile nafasi za kuhifadhi mipangilio kwenye kitufe cha kuzungusha juu ya kamera, moja kwa picha, moja kwa video. Ukibadilisha shuta kwa mkono kila mara, kuna siku utapiga picha zote za wajomba wanaocheza kwa 1/50, na wote watatoka kama moshi.

Hatua ya 5: Sauti, kabla ya lenzi mpya

Watu hununua lenzi ya tatu wakiwa hawana rekoda hata moja. Simulizi ya harusi husimama juu ya sauti, na picha tuli haina sauti yake yenyewe, kwa hiyo ukitaka kuitia ndani ya filamu unahitaji sauti safi ya kuilaza juu yake.

Kanisani, muombe padri au mchungaji ruhusa ya kumbandika bwana harusi maiki ndogo kwenye koti. Ya bwana harusi hutosha, kwa sababu wakati wa kiapo bibi harusi yuko hatua moja kutoka kwake. Ukumbini, nenda kwa DJ mapema na waya wako, umuombe sauti kutoka kwenye mikseri iingie kwenye rekoda yako. Usitegemee hiyo peke yake. Weka rekoda ya pili karibu na spika, kwa sababu DJ anaweza kuongeza sauti katikati ya nasaha na yote ikapasuka. Rekodi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), 48 kHz, na kilele cha sauti kicheze karibu na −12 dB kwenye kipimo cha rekoda. Vaa hedifoni, maana mshale wa sauti hucheza vilevile hata kama kinachoingia ni mngurumo wa feni.

Rekodi pia vitu visivyo na mzungumzaji: sufuria nyuma ya ukumbi, viatu kwenye ngazi, kina mama wakijaribu wimbo nje, saluni wakati kikausha nywele kimezimwa. Dakika moja kila mahali. Picha ya hina iliyolaliwa na minong'ono ya saluni hukaa kwenye filamu bila kuonekana kama kibandiko.

Mpiga picha ana deni hapa. Wakati wa kiapo, shuta isisikike. Kamera za kisasa zina shuta ya kimyakimya, lakini chini ya taa za LED huweza kutoa mistari ya giza. Ijaribu kabla ya ibada, na kama mistari ipo, rudi kwenye shuta ya kawaida na ubonyeze kati ya sentensi, si juu ya neno “nakubali”.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Mpiga video achague upande mmoja wa kanisa au ukumbi na stendi yake isihame. Mpiga picha ndiye anayetembea, na njia yake ni nyuma ya stendi, si mbele yake. Akilazimika kupita mbele, apite akiwa ameinama, asisimame.

Kila klipu ikae angalau sekunde kumi kabla hujahama. Wanaoanza hutembeza kamera kama wanamtafuta mtu aliyepotea, na wakifika kwenye kuhariri hawana kipande hata kimoja kilichotulia cha kuwekwa jirani na picha.

Safari ya picha, ile saa moja kati ya kanisa na ukumbi, iwe ufukweni Kigamboni au kwenye bustani, igawe makusudi. Anza na video. Maharusi wametoka kanisani wamekakamaa, na ukiwaambia wasimame watakakamaa zaidi. Waache watembee, wazungumze, waelezane kilichowachekesha kanisani. Wakishalegea, ndipo mpiga picha awasimamishe. Kwa jua la Dar, saa 11 jioni ndiyo saa yako. Saa 7 mchana jua liko utosini na macho yote yanakuwa mashimo, na huko usipoteze muda, tafuta kivuli cha mwembe. Jua huzama mapema, kabla ya saa 1, kwa hiyo msafara ukichelewa punguza video, usipunguze picha za wazazi.

Ukitaka droni, kibali kinatafutwa kabla, kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Usisikilize kamati ikisema “hapa hamna shida”.

Ukumbini adui ni taa ya zambarau. Huitia ngozi nyeusi rangi ya bluu na kuimeza sura, na hakuna programu inayoirudisha vizuri. Zungumza na fundi taa wa ukumbi: wakati wa kuingia, keki na nasaha, nyeupe tafadhali. Wakati wa kucheza afanye apendavyo. Pima mwanga kwenye uso wa bibi harusi, si kwenye gauni. Nakshi za gauni zikipotea kidogo kwa weupe ni afadhali kuliko uso kuwa kivuli.

Sehemu ya zawadi ni ndefu, na hapo ndipo timu nyingi huchoka. Kwa kila kundi linalokuja likicheza: video ya mwanzo wao na ya yule mmoja anayecheza kuliko wote (yupo kila kundi), na picha moja yenye nyuso zote wakiwa wamesimama na maharusi. Ofisi ya bwana harusi itataka kujiona nzima, ukoo wa Kilosa utataka kujiona mzima. Picha inawatosheleza wote, na filamu inabaki huru.

Hatua ya 7: Kabla hujalala

Video ya 4K kwa kasi ya 100 Mbps (megabiti kwa sekunde) hula takriban GB 45 kwa saa. Send-off na harusi, kamera mbili, hesabu mwenyewe. Kamera yenye nafasi mbili za kadi iandike zote mbili kwa pamoja. Usiku huohuo nakili kwenye hadi-diski (hard disk) mbili, moja ikae na mtu mwingine, na kadi zisifutwe mpaka umefungua faili kadhaa na kuziona. Folda zipewe majina kwa tarehe na tukio, picha, video na sauti zikiwa chini ya paa moja. Wengi huweka picha kwa mpiga picha na video kwa mpiga video, halafu wanashangaa kwa nini haziunganiki.

Hatua ya 8: Kuhariri

Usianze na picha wala klipu. Anza na sauti peke yake. Sikiliza nasaha, kiapo, matarumbeta, ukate dakika sita zinazosimulia hata macho yakiwa yamefumbwa. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ina toleo la bure linalotosha kabisa kwa kazi hii.

Mfano wa mpangilio. Sauti ya baba kwenye send-off inaanza, na juu yake picha tatu tuli za asubuhi ya harusi: gauni limetundikwa dirishani, hina, mama kashika kitambaa. Baba anaposema jina la binti, ingiza video kwa mara ya kwanza, bibi harusi anageuka. Matarumbeta yanaingia, video tupu, vipande vifupi, barabara, pick-up, watoto wanaokimbia pembeni. Mlango wa kanisa unafunguliwa, muziki unakatika. Kiapo chote kwenye video, bila kukatwa. Kisha, baada ya “nakubali”, picha moja ya mama wa bwana harusi, sekunde tano, huku vigelegele vikisikika. Halafu ukumbi.

Tazama picha zimewekwa wapi: mwanzo, kabla mtazamaji hajazoea mwendo, na pale baada ya jambo zito. Hazikutumika kuziba mashimo ya video mbovu. Ukiona unaweka picha kwa sababu klipu imetikisika, kata sehemu hiyo nzima.

Vipimo. Picha ya kamera kwa kawaida ni 3 kwa 2, filamu ni 16 kwa 9. Ukiijaza skrini kwa picha unapoteza karibu asilimia 16 ya urefu wake, yaani vilemba na miguu. Ndiyo maana mpiga picha aambiwe mapema aache nafasi juu ya vichwa kwenye picha za mlalo. Picha ya megapikseli 24 ina upana wa nukta 6000, na filamu ya 4K ni 3840, kwa hiyo unaweza kuivuta karibu mara moja na nusu bila kuharibika. Mwendo wa kuisogelea picha uwe mdogo, karibu usionekane. Sekunde tatu hadi tano kwa picha ya uso, zaidi kwa picha ya ukoo.

Njia ya kinyume, kutoa picha kwenye video, ni ya dharura tu. Fremu ya 4K ni megapikseli 8 na kidogo, inatosha ukurasa wa albamu, lakini kwa shuta ya 1/50 mikono inayosogea itakuwa na ukungu.

Rangi: chagua picha moja ya ndani na moja ya nje ambazo mpiga picha ameridhika nazo, uzifungue pembeni, na video ifuate hizo. Video haina nafasi kubwa ya kurekebishwa kama RAW, basi mpiga picha asivute rangi mpaka video ishindwe kumfuata.

Muziki. Wimbo wa Bongo Fleva uliopigwa ukumbini una mwenyewe. Ukiupakia YouTube, mfumo wao wa Content ID unaweza kuutambua, ukazuia video au mapato yake yakaenda kwa mwenye wimbo. Kwa filamu ya kupakia, tumia muziki uliolipiwa leseni, au tegemea sauti za tukio. Mambo ya hakimiliki Tanzania Bara yako chini ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Hatua ya 9: Kukabidhi

Kabidhi vitu vitatu: albamu iliyochapwa, filamu fupi, na kumbukumbu ndefu isiyo na mbwembwe ya ibada na nasaha zote, kwa ajili ya wazee ambao filamu ya dakika sita wataiona kama tangazo. Kwenye albamu, ukurasa wa nasaha uwe na picha ya baba na msimbo wa QR pembeni unaofungua kipande chake cha sauti na video. Jaribu msimbo huo kwa simu ya kawaida na bando la kawaida kabla ya kuchapa, na faili iwe mahali utakapoendelea kulipia.

Tengeneza pia toleo la wima la 9 kwa 16, la dakika moja au chini, kwa ajili ya simu. Picha za wima hukaa humo kwa kukatwa kidogo tu pembeni, kwa hiyo toleo hili linaweza kuwa na picha nyingi kuliko video. WhatsApp hubana picha na video zinazotumwa kwa njia ya kawaida. Mwelekeze mteja azitume kama dokumenti, la sivyo atakupigia akisema picha zako zina ukungu.

Mkataba useme utahifadhi faili ghafi kwa muda gani, mwaka mmoja kwa mfano, na baada ya hapo mteja alete hadi-diski yake. Mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, mtumie ujumbe. Atajibu kwamba flashi ya kwanza imepotea.